Upanga, Pete na Shtaka la Kuiga

Riwaya ya kwanza ya fantasia niliyoisoma hadi ukurasa wa mwisho ilikuwa imekwisha kuhukumiwa na wahakiki kabla mimi sijazaliwa. Inaitwa The Sword of Shannara. Mwandishi wake ni Mmarekani Terry Brooks, na ilitoka mwaka 1977. Shtaka lake ni kwamba imeiga The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, tukio kwa tukio na mhusika kwa mhusika. Niliisoma bila kulijua shtaka hilo, na hata jina la Tolkien sikuwa nimelisikia. Miaka ilipita ndipo nikakisoma kile kitabu kinachodaiwa kuigwa. Kusoma kwa mpangilio huo, mwigo kwanza na chanzo baadaye, kumenifunza mambo ambayo mpaka leo nayatumia ninapokaa na vijana wanaoniletea miswada yao.

Nilikipata kitabu hicho Dar es Salaam, wakati wa likizo, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai lake kando ya Mtaa wa Samora. Nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa HKL, katika shule ya bweni mkoani Tanga, na nilikuwa natafuta kitabu cha Kiingereza kinene kwa bei nafuu. Muuzaji alikipima kwa kiganja akaniambia, "Chukua hiki, mdogo wangu. Hiki hukimalizi leo wala kesho." Jalada lilikuwa limechakaa, lakini ndani mlikuwa na michoro ya kalamu nyeusi: watu waliojitanda majoho, milima iliyopasuka, kiumbe mwenye mabawa juu ya paa. Nilikinunua kwa sababu ya michoro ile.

Shule ilipofunguliwa nikaenda nacho. Bwenini vitabu vya hadithi vilikuwa vichache, na Kiingereza cha Brooks ni cha sentensi ndefu zenye maelezo mengi ya mandhari. Wenzangu waliojaribu walikiacha kurasa za mwanzo. Basi wakanitaka niwasimulie kwa Kiswahili. Kila usiku baada ya prepu, taa zikishazimwa, nilisimulia yale niliyoyasoma mchana: kijana Shea Ohmsford aliyelelewa katika kijiji cha Shady Vale, mzee mrefu wa kutisha aitwaye Allanon, wa mwisho katika wanazuoni walioitwa Madruidi, aliyekuja kumwambia kwamba yeye ndiye mabaki ya uzao wa mfalme Jerle Shannara, na upanga wa kale ambao ni yeye tu anayeweza kuutumia kummaliza Bwana Mchawi wa kaskazini.

Msimulizi hujifunza haraka ni wapi wasikilizaji wake wanasinzia. Vita vikubwa vya kuuzingira mji wa Tyrsis niliviona vya kusisimua nilipovisoma, lakini vitandani palikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa cha usingizi. Waliponisikiliza kwa masikio yote ni pale walipoingia watu wawili: Panamon Creel, mwizi mwenye mkono mmoja aliyefunga chuma chenye ncha mahali pa kiganja, na mwenzake Keltset, Troli mkubwa kama mwamba, bubu, asiyesema lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku niliporuka sura yao ili niwahi vita, sauti ilitoka kitanda cha juu: "Na yule bubu yuko wapi leo?" Ikabidi nirudi kwa bubu.

Sikujua kwamba swali lile litanisaidia miaka ya baadaye kuelewa jambo ambalo wahakiki wengi walilipita.

Nilipofika Chuo Kikuu, Mlimani, nilimtajia kitabu hicho kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa amesoma kila alichokipata maktabani. Aliniambia bila kusita, "Hicho ni kivuli tu, dogo. Kasome chenyewe." Akanipa The Lord of the Rings, juzuu zote tatu zikiwa zimeunganishwa, kitabu kilichotoka Uingereza kati ya 1954 na 1955.

Nilisoma huku moyo ukinienda mbio kwa namna ya ajabu, maana nilikuwa nakwenda katika nchi nisiyoijua nikiwa nazijua njia zake. Nchi tulivu ya Shire nilikwisha kuiona kwa jina la Shady Vale. Mzee Gandalf alipobisha hodi nilimtambua kuwa ni Allanon. Wapandafarasi weusi wanaomwinda shujaa Frodo walikuwa Wabeba Fuvu wanaomwinda Shea. Baraza la Rivendell, ambako kundi la wasafiri linaundwa, nilikwisha kuhudhuria kule Culhaven, mji wa vibete. Gandalf alipotumbukia shimoni Moria akipigana na Balrog, sikulia, kwa sababu Allanon naye alitumbukia katika tanuri la moto kule Paranor akipigana na Mbeba Fuvu, kisha akarudi. Mshauri mwenye sumu ulimini anayemdhoofisha mtawala yumo kotekote. Kiumbe dhaifu aliyerukwa na akili kwa kukishika kitu kilichomzidi nguvu yumo kotekote: kwa Tolkien ni Gollum, kwa Brooks ni Orl Fane. Hata mji uliozingirwa ngazi kwa ngazi ulikuwa uleule.

Kwa hiyo nasema waziwazi: shtaka lina ukweli. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya The Sword of Shannara inafuata nyayo za Tolkien kwa ukaribu ambao hauwezi kuitwa sadfa. Tena Tolkien ana kina ambacho Brooks hakukaribia. Alikuwa profesa wa Oxford aliyefundisha Kiingereza cha kale, na alizitunga lugha za watu wake kabla ya kuwatungia hadithi. Ndiyo maana jina la mto au mlima katika kitabu chake lina uzito wa historia. Brooks aliichukua ramani, lakini zile karne zilizo chini ya ramani hazichukuliki.

Nilipotaka kujua kitabu hicho kilipatikanaje, nikakuta habari yake inafundisha kama hadithi yenyewe. Brooks alianza kukiandika mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa sheria katika chuo cha Washington and Lee, Virginia. Alikuwa amempenda Tolkien, lakini alikuwa amewapenda pia waandishi wa visa vya safari na mapigano kama Alexandre Dumas na Walter Scott, na alitaka kuandika kisa cha mbio na hatari cha namna hiyo ndani ya ulimwengu kama wa Tolkien. Aliandika kwa miaka, masomo yakiendelea, kisha uwakili ukiendelea. Mwaka 1974 mswada ukafika mikononi mwa mhariri Lester del Rey, wa kampuni ya Ballantine ya New York.

Hapo biashara ikaingia. Ballantine ndiyo iliyokuwa ikichapisha Tolkien kwa jalada jepesi nchini Marekani tangu 1965, na vijana wa vyuoni walikuwa wamekisoma kitabu kile mpaka kikachanika. Tolkien alifariki Septemba 1973. Wasomaji walikuwa na njaa, na Lester del Rey na mkewe Judy-Lynn waliiona njaa hiyo. Walipoanzisha chapa mpya iliyoitwa Del Rey, walimweka Brooks mbele. Wachoraji waliowachagua, pacha Greg na Tim Hildebrandt, ndio waliokuwa wakichora kalenda za Tolkien za kampuni hiyohiyo. Michoro iliyonivuta pale Samora ilikuwa imewekwa makusudi, ili mpenzi wa Tolkien akiona kitabu aseme, hiki ni cha nyumbani. Kitabu kikaingia katika orodha ya New York Times ya vitabu vya jalada jepesi vinavyouzwa sana, na kikakaa humo kwa miezi.

Hukumu ikafuata. Mwaka 1978 Lin Carter, mhariri na mwandishi wa fantasia aliyeheshimika, aliandika katika mkusanyo wake wa hadithi bora za mwaka kwamba hajapata kuona kitabu kilichokiiga kingine kwa ukamilifu na kwa moyo mkavu namna ile. Carter alikuwa na haki ya kusikilizwa. Alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu Tolkien mwaka 1969, na aliwarudishia wasomaji wa Marekani waandishi wengi wa fantasia waliokuwa wamesahaulika. Lakini Carter huyohuyo alijenga sehemu kubwa ya riwaya zake kwa kufuata mtindo wa Robert E. Howard na Edgar Rice Burroughs, na wasomaji wake walilijua hilo. Nalitaja jambo hili kwa kuwa linaonyesha kwamba huwezi kuwagawa waandishi makundi mawili, wanaoiga na wasioiga. Tolkien mwenyewe majina mengi ya vibete wake, na hata jina la Gandalf, aliyatoa katika Völuspá, shairi la kale la Waskandinavia. Mwizi anayeiba kikombe kwenye hazina ya joka katika The Hobbit, kitabu chake cha 1937, anatoka katika Beowulf. Kisa cha Túrin, shujaa wake mwingine, kimechipuka katika kisa cha Kullervo cha Kalevala ya Wafini. Kuna tofauti kubwa, bila shaka, kati ya mtu anayechukua kwa wengi waliokufa zamani na mtu anayechukua kwa mmoja aliyezikwa juzi. Wa kwanza analazimika kuunganisha vitu visivyojuana, na kazi ya kuunganisha inamfanya mbunifu hata asipotaka. Wa pili anakuta kila kitu kimeshaunganishwa. Hiyo ndiyo hatari aliyojiingiza Brooks, na pale aliposhindwa, alishindwa kwa sababu hiyo.

Lakini hakushindwa pote. Baada ya kummaliza Tolkien, nilikirudia kitabu cha Brooks nikiwa na swali moja: ni wapi ambapo hakuchukua?

Jambo la kwanza nililoliona ni upanga wenyewe. Katika hadithi ya Tolkien, kitu cha ajabu ni pete yenye nguvu mbaya, na kazi ya shujaa ni kuipeleka ikateketezwe. Fundisho lake ni kuachilia: aliye na nguvu aziache kabla hazijamla. Upanga wa Shannara haukati shingo ya mtu wala hauteketezwi. Kazi yake ni kumwonyesha anayeugusa ukweli wake mwenyewe, wote, bila kifuniko. Shea anapoushika anayaona madhaifu yake, ubinafsi wake na uongo mdogomdogo aliojidanganya nao tangu utotoni, na anabaki hai kwa sababu anakubali kwamba huyo ndiye yeye. Bwana Mchawi ni mtu aliyekwisha kufa zamani, anayeendelea kuwapo kwa kuamini kwamba yu hai. Upanga unamgusa, anauona ukweli, na ukweli ndio unaommaliza. Pete inataka uitupe. Upanga unataka uvumilie kuushika. Haya ni mawazo mawili yanayotazamana kutoka pande mbili, na hili la pili Brooks hakulikuta kwa Tolkien.

Jambo la pili ni maadui. Katika dunia ya Brooks kulipata kutokea Vita Vikuu vya sayansi vilivyouangamiza ustaarabu wetu huu. Wasafiri wake wanapita katika magofu ya vyuma ambayo msomaji anatambua kuwa ni mabaki ya miji ya leo. Vibete, Wanomu na Matroli ni wana wa binadamu walionusurika wakabadilika kwa vizazi vingi, kila kundi kulingana na mahali lilipojificha. Waelfi peke yao ndio jamii nyingine. Maana yake ni kwamba majeshi ya Bwana Mchawi, hayo ya Wanomu na Matroli, ni ndugu zetu wa damu waliosahau undugu. Kwa Tolkien hukutani na Orki, askari wa adui, wa kumpenda. Kwa Brooks mtu mwenye heshima kuliko wote kitabuni ni Troli: Keltset, ambaye katikati ya safari tunagundua kwamba amebeba nishani ya juu kabisa ya taifa lake, na ambaye mwishoni anaushikilia mlima unaoporomoka ili wenzake wapite, naye asitoke.

Nilipofika hapo ndipo nikawakumbuka wenzangu wa bwenini. Hawakuwa wamesoma Tolkien, hawakumjua Carter, wala hawakuwa na habari ya shtaka. Walikuwa wanasikiliza gizani tafsiri ya mwanafunzi mwenzao. Na bado, kati ya mambo yote yaliyomo katika kitabu kile kinene, walimchagua yule asiye na mwenzake katika kitabu kilichoigwa. Kila nilipowasimulia yaliyochukuliwa kwa mwingine waliridhika. Nilipofika kwenye yaliyo ya Brooks mwenyewe waliamka. Tangu hapo naiheshimu sana hukumu ya msikilizaji asiyejua lolote. Mjuzi huona mfanano upesi, kwa kuwa mfanano ndio anaoujua. Asiyejua huona uhai tu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi, maana fasihi yetu imelipitia kwa heshima. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alipoandika Adili na Nduguze, kisa chake alikitoa katika Alfu Lela U Lela: liwali mwenye ndugu wawili waliogeuzwa wanyama, ambao kila usiku analazimika kuwapiga, na mfalme anayetaka kujua sababu. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wale ni mbwa, na mwisho wao ni kuuawa kwa sababu wivu haukuwatoka. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawaita Hasidi na Mwivu, akamwita ndugu yao Adili, na akakipeleka kisa kwenye msamaha: ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao na wanarudi kundini. Aliyesoma vyote viwili anaona mifupa ni ileile. Anaona pia kwamba swali limebadilika. Msimulizi wa zamani anauliza uovu una mwisho gani. Shaaban Robert anauliza kama mwovu anaweza kurejea utu. Hilo ndilo swali alilolifuata katika kazi zake nyingine pia, kwa hiyo katika kisa cha kuazima tunamsikia yeye.

Au mchukue Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale wake ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko, anatazama alama ndogo ambazo wengine hawazioni, na rafiki yake Najum anamfuata akishangaa. Hahitajiki mtaalamu kumtambua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Lakini fumbo analolifumbua Bwana Msa liko katika koo za Unguja: nani mwana wa nani, urithi wa shamba ni wa nani, hofu ya mzimu inamfaidi nani. Holmes angepotea asubuhi ya kwanza. Abdulla aliazima macho ya mpelelezi kisha akayaelekeza kwenye mambo ambayo Doyle hakuyajua, na kwa njia hiyo akaifungulia riwaya ya Kiswahili mlango wa upelelezi uliopitiwa na waandishi wengi baada yake.

Na kabla yao wote wako watunzi wa tenzi. Tangu enzi za Mwengo, mtunzi wa Utendi wa Tambuka wa 1728, utenzi ulikuwa na taratibu zake zilizojulikana: kuanza kwa jina la Mungu na sifa zake, mara nyingi kuagiza karatasi na wino, kisha kisa, kisha dua. Hakuna aliyemshtaki mtunzi kwa kuagiza wino kama mwenzake alivyoagiza. Watu walisubiri waone atauandikia nini wino huo. Kwa hiyo kufanana peke yake si kosa mbele ya msomaji wa Kiswahili. Kosa ni kumaliza karatasi bila kusema neno lako.

Je, Brooks alisema neno lake? Jibu la haki linahitaji kitabu chake cha pili. Mhariri wake del Rey aliusoma mswada wa mwendelezo aliokuwa akiuandika, akamwambia hauna budi kuachwa. Brooks amesimulia pigo hilo katika kumbukumbu zake za uandishi, Sometimes the Magic Works, za mwaka 2003, na anasimulia kwa shukrani. Aliuacha akaanza upya, na mwaka 1982 ikatoka The Elfstones of Shannara. Humo Tolkien yuko mbali sana. Msichana Amberle anapelekwa safari ya kuuokoa mti mtakatifu unaozuia mapepo yasiingie duniani, na mwishoni anatambua kwamba mti hauokoki ila yeye mwenyewe ageuke kuwa mti. Allanon alilijua hilo, akalificha.

Hapa ndipo nilipopata fundisho ninalolithamini kuliko yote. Katika kitabu cha kwanza mna ufa: upanga unadai ukweli wote, lakini Allanon, mwongozaji wa safari, anamficha Shea jinsi upanga unavyofanya kazi. Anampa nusu ya ukweli ili amfikishe anakotaka. Gandalf hana tabia hiyo kwa kiasi hicho. Huyu ni Allanon wa Brooks. Katika kitabu cha kwanza ufa huo ni mdogo, na msomaji anayetafuta mfanano ataupita. Brooks aliurudia, na kitabu chote cha pili kikajengwa juu yake: bei ya ukweli uliofichwa na mtu mwema kwa nia njema, ikilipwa na msichana ambaye hakuambiwa. Riwaya yake iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, ilimea mahali palepale ambapo mwigo uliishia.

Nalitumia fundisho hilo mara kwa mara. Si zamani, kijana mmoja aliniletea mswada. Aliketi ukingoni mwa kiti, akaniamkia, na baada ya marahaba yangu akasema kabla sijafungua ukurasa, "Mwalimu, wenzangu wanasema nimeiba." Nikasoma. Palikuwa na ngome, theluji, joka, na mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti, vyote vikiwa vimetoka kwenye tamthilia aliyoitazama kwenye simu. Wenzake hawakumsingizia. Lakini katikati ya theluji ile palikuwa na bibi anayekataa kumbariki mjukuu wake aende vitani mpaka kwanza akalipe deni la mahari ya marehemu baba yake, kwa sababu mtu mwenye deni la kaburini hana haki ya kudai kiti cha enzi. Nilimuuliza hilo amelitoa wapi. Alinyamaza, kisha akasema, "Hilo nililiandika tu, mwalimu. Nilidhani utaniambia nilitoe."

Nilimwambia alibakize hilo, na theluji yote aiache. Amerudi na mswada mwingine. Deni liko ukurasa wa kwanza, ngome haipo, na mjukuu anakwenda nyumba kwa nyumba kulipa madeni ya mtu aliyekufa huku kila mdai akimfunulia upande mwingine wa baba yake. Naingoja sura ya mwisho kama nilivyokuwa nikingojewa bwenini.

Kutokana na safari yangu kati ya vitabu hivi viwili, nimejiwekea taratibu tatu ninazozifuata kama msomaji na mhariri. Ya kwanza, nikisikia kitabu kimeshtakiwa kwa kuiga, nakisoma hadi mwisho kabla ya kukubaliana na mshtaki. Mwigo aghalabu huonekana mwanzoni, mwandishi anapotafuta mahali pa kukanyaga, na yaliyo yake huja baadaye, akishazoea njia. Ya pili, nautaja mfanano wazi, bila kumwonea haya mwandishi wala kumtetea kwa uongo, kwa kuwa sifa isiyokiri deni haimsaidii kitu. Ya tatu, nikishautaja, sitosheki nao. Nauliza yale yasiyofanana yako wapi, na kama yana uhai.

Fantasia ya Kiswahili bado inahitaji vitabu vingi, na vingi vya mwanzo vitafanana na vya wengine, kwa sababu vijana wetu wamekua wakitazama na kusoma hadithi za mbali kuliko za karibu. Tukiwakejeli kwa hilo, watanyamaza, na sauti ambayo ingekuja katika kitabu cha pili haitakuja kabisa. Del Rey hakumfukuza Brooks. Alimkatalia mswada akabaki naye mpaka akaandika mwingine. Wahariri na walimu wetu wanaweza kufanya vivyo hivyo. Na kwa kijana aliye na mswada wa kwanza mezani, nasema: umalize, hata kama unafanana na wa unayempenda. Kisha usome tena kwa utulivu, utafute ukurasa ambao yeye asingeuandika, na kitabu chako cha pili ukianzie hapo.